Niache kazi nifuge kuku wa mayai?

Mshauri, salamu kutoka Morogoro.

Nina miaka 34, mama wa watoto wawili. Natunza stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, huu ni mwaka wa saba. Mshahara ukishakatwa kila kinachokatwa napokea 720,000. Naingia saa moja na nusu asubuhi, natoka saa kumi na mbili jioni, na mtoto akiumwa naomba ruhusa kama mwanafunzi. Nimechoka. Nataka kujiajiri, muda wangu uwe wangu, na wanangu niwaachie kitu.

Nimejibana miaka minne nikaweka milioni 7. SACCOS ya kazini iko tayari kunikopesha milioni 5, marejesho 260,000 kwa mwezi kwa miezi 24, yanakatwa kwenye mshahara. Kiwanja ninacho nje kidogo ya mji, maji ya bomba na umeme vimefika.

Kuna mchanganuo unazunguka kwenye simu: kuku 500, kila mmoja yai moja kwa siku, yai shilingi 400, siku 30, unapata milioni 6 kwa mwezi. Mimi sina tamaa, nimeshusha hadi kuku 400. Bei nimeziulizia: kifaranga 2,800, gunia la kilo 50 la chakula cha vifaranga 78,000, cha kukuzia 65,000, cha watagaji 68,000. Fundi wa banda kataja milioni 4.5. Mchuuzi wa jumla atachukua trei kwa 8,000 palepale bandani. Wauza chipsi wa mjini wanatoa 9,000 wakipelekewa. Kijana wa kulisha anataka 150,000 kwa mwezi.

Mume wangu anasema nisubiri. Dada yangu anasema nikisubiri nitazeeka nahesabu misumari ya watu. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, ipo kwenye mkoba, bado tarehe tu. Nifanyeje?

Mhesabu Misumari, Morogoro

*

Dada Mhesabu Misumari,

Barua ibaki mkobani kwanza. Kuku wa mayai ni biashara halali kabisa na watu wanaishi nayo. Tatizo ni ule mchanganuo wa kwenye simu, ambao umeandikwa na mtu anayejua kuzidisha na hajawahi kununua gunia la chakula. Angalia alivyofanya: kila kuku anataga kila siku, kila yai linauzwa bei ya rejareja ya dukani, na kuku hali kitu.

Wewe ni mtu wa stoo, kwa hiyo tuhesabu kwa trei. Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, atage asitage. Kuku 400 ni kilo 48 kila siku, karibu gunia zima. Kwa bei uliyoulizia ni shilingi 65,280. Ukimuuzia mchuuzi kwa 8,000, trei nane na mayai matano ya kila siku, yaani mayai 245, yanakwenda kulipa chakula peke yake. Vitabu vya mwongozo vya Isa Brown na Lohmann, aina za kuku wa mayai, vinaonyesha kundi likifika kileleni linataga zaidi ya asilimia 90. Kwa mfugaji mpya, ukipata wastani wa 80 katika mwaka mzima umefanya kazi nzuri. Asilimia 80 ya 400 ni mayai 320, trei kumi na mayai ishirini. Toa yale 245. Zinabaki trei mbili na nusu kwa siku, kama shilingi 20,000. Kwa mwezi ni laki 6.

Sasa toa vingine kwenye hiyo laki 6. Kijana 150,000. Chanjo, dawa, maranda, umeme na maji, weka 80,000. Halafu kuna gharama ambayo karibu kila mchanganuo unaisahau: kuku anachakaa kama gari. Kumfikisha umri wa kutaga ni kifaranga 2,800, kilo mbili za chakula cha vifaranga, kilo tano na nusu za chakula cha kukuzia, chanjo na mkaa. Ukiongeza na watakaokufa njiani, tuseme watano katika mia, kila mtetea unakuwa umetumia kama 15,000. Atataga miezi 13 hivi, kisha utamuuza wa nyama kwa 8,000 ukibahatika. Tofauti ya 7,000 ukiigawa kwa miezi 13 na kuizidisha kwa kuku 400 ni kama 215,000 kila mwezi, ambazo usipoziweka pembeni hutakuwa na fedha ya kundi la pili.

Kinachobaki ni 155,000. Rejesho la SACCOS peke yake ni 260,000.

Tazama na mtaji. Banda 4.5, kuku hadi wiki ya 20 milioni 6, vyombo, viota na bruda (sehemu ya joto ya kulelea vifaranga) kama laki 8. Jumla 11.3. Zinabaki laki 7, chakula cha siku kumi na moja. Wakati huo kuku wako wametoka tu kuanza kudondosha yai mojamoja, na watahitaji kama mwezi mwingine kabla ya kufikia yale mayai 245 ya kujilisha wenyewe. Mkopo unaanza kudaiwa mwezi ujao, kuku anaanza kulipa mwezi wa sita. Hapo katikati umeshapaswa kurejesha milioni 1.3, na mshahara uliokuwa ukikatwa haupo. Mfugaji akifika hapo hufanya moja kati ya mawili: anapunguza chakula, au anauza mitetea kwa bei ya hasara kwa mwenye fedha. Ukisikia tangazo la mitetea ya wiki 18 kwa bei poa, mara nyingi huyo ndiye muuzaji.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: anza na kuku 200, kwa milioni 7 zako, bila mkopo, ukiwa bado kazini. Banda la mita 5 kwa 8 linawatosha, kuku watano kwa mita moja ya mraba, na kwa kipimo cha fundi wako halitazidi sana milioni 2.4. Kuku milioni 3. Vyombo laki 4: vilishio nane vya kuning'inia, vinyweshea vitano vya lita kumi, viota 40 vya sentimita 30 kwa 30. Zinabaki milioni 1.2. Hizo usiziguse, ni za kulisha kati ya wiki ya 20 na ya 24, kuku 200 wakila nusu gunia kwa siku.

Banda lijengwe urefu wake ukienda mashariki na magharibi ili jua lisiingie ndani, ukuta wa chini tofali tatu au nne, juu wavu. Kabla ya kuchimba msingi pita ofisi ya mtaa na halmashauri uulize kama ufugaji unaruhusiwa eneo hilo. Jirani akilalamikia harufu baada ya kujenga, huna pa kuhamishia banda.

Wiki nne za mwanzo ndizo zinazoua vifaranga wengi, na likizo yako ya mwaka ichukue hapo. Tengeneza duara la hadibodi lenye kipenyo cha mita mbili na nusu, maranda sentimita tano chini, joto nyuzi 32 hadi 33 wiki ya kwanza, kisha punguza nyuzi tatu kila wiki. Kipimajoto ni kizuri, ila vifaranga wenyewe watakwambia: wakibanana karibu na jiko wana baridi, wakikimbilia ukingoni midomo wazi wamezidiwa na joto, wakitawanyika na kula umepatia. Ukitumia mkaa acha hewa ipite juu. Banda lililofungwa kabisa kwa turubai linajaa gesi ya mkaa, na asubuhi utakuta wamekufa bila dalili ya ugonjwa wowote.

Kuhusu chanjo, ya mareksi (ugonjwa wa kupooza) wanapewa walikototolewa, na uombe risiti inayoonyesha hivyo. Wewe utaendelea na kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha kideri kila miezi mitatu mpaka unawauza. Mtaalamu wa mifugo wa kata anaweza kusogeza siku kulingana na magonjwa ya hapo mtaani, mfuate. Kinachoharibu chanjo mara nyingi ni maji. Maji yako ni ya bomba, yana klorini, na klorini inaua chanjo ya kunywa kabla kuku hajaimeza. Tumia maji ya kisima au ya mvua, au kinga ya bomba ukayaache wazi kwenye ndoo usiku kucha, uyatie maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu mbili na nusu kwa lita. Waondolee maji ya kawaida saa moja au mbili kabla, ya chanjo yaishe ndani ya saa mbili. Ukiwapa kwenye maji ya bomba moja kwa moja utakuwa na karatasi ya chanjo nzuri sana na kundi lisilo na kinga. Kideri hakina dawa kikishaingia.

Kati ya wiki ya 3 na ya 6 angalia choo chenye damu. Ni koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na chanzo kikubwa ni maranda yaliyolowa kuzunguka vinyweshea. Dawa ipo, lakini geuza maranda kila siku na inua vinyweshea vilingane na mgongo wa kifaranga, hutaihitaji mara nyingi. Kuku wakifa zaidi ya wawili kwa siku moja usikimbilie duka la dawa kununua mchanganyiko wa kila kitu. Wewe una bahati ya kukaa mji wenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chenye ndaki ya tiba ya mifugo. Peleka mzoga ukiwa bado mbichi, upasuliwe, ndipo ujue unatibu nini. Na siku za antibayotiki, pamoja na zile zilizoandikwa kwenye lebo baada ya dozi, mayai hayauzwi.

Sasa niseme kosa ambalo halionekani kwa macho. Kati ya wiki ya 9 na ya 18 kuku hula tu, hawaingizi hata senti, na hapo ndipo mfugaji hutafuta chakula cha rahisi au kuongeza pumba. Kuku wataendelea kuonekana wazima. Lakini mtetea wa aina hizi wa wiki 18 anatakiwa awe na kilo moja na nusu hivi. Akiwa na kilo moja na robo atachelewa kuanza, atataga mayai madogo, na hiyo asilimia 80 hutaiona hata umlishe vipi baadaye. Nunua mizani ya kuning'inia, kila wiki pima kuku 20 bila kuchagua, andika wastani. Huo ndio ukaguzi wako wa stoo.

Wakifika uzito ndipo uwabadilishie chakula cha watagaji, taratibu kwa siku saba, na uanze kuongeza mwanga. Huku kwetu karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, na mtagaji anataka 16. Ongeza nusu saa kila wiki hadi taa iwe inawaka kuanzia saa kumi alfajiri mpaka kukuche, na jioni hadi saa mbili usiku. Ukishafika hapo usipunguze. Umeme ukikatika wiki nzima utaona kwenye trei. Na usiwawashie taa kabla ya uzito, watataga mapema na wengine watatoka kizazi.

Soko lako lisiwe mchuuzi. Tofauti ya 1,000 kati yake na wauza chipsi inaonekana ndogo, lakini kwa kuku 400 ni 320,000 kwa mwezi, mara mbili ya faida yote tuliyohesabu pale juu. Kwa kuku wako 200 ni trei tano na kidogo kwa siku, vibanda vitano vya zege (chipsi mayai) vinazimaliza. Anza kuzungumza nao mwezi mmoja kabla ya yai la kwanza, na uwape siku maalumu za kupelekewa. Fedha mkononi, au kwa simu siku hiyohiyo. Deni la trei tatu kwa kila kibanda ndilo gunia lako la kesho. Ujue pia kwamba vyuo vikifungwa biashara yao inalala, na mwezi wa Ramadhani vibanda vingi havifunguliwi mchana, kwa hiyo uwe na maduka mawili matatu ya kuyapokea. Trei ziwe za plastiki zinazooshwa, za kwako. Zile za karatasi zinazozunguka sokoni zimepita kwenye mabanda ya watu wengi, na ugonjwa nao unapanda humohumo.

Ukiuza hivyo kwa 9,000 na kijana wa nusu siku wa 80,000, kuku 200 watakubakishia laki mbili na kidogo kwa mwezi baada ya kuweka akiba ya kundi lijalo. Si mshahara. Ni fedha ya kujenga banda la pili, ambalo uliingize vifaranga miezi sita au saba baada ya la kwanza ili mayai yasikatike siku utakapouza kundi la kwanza. Mabanda yatengane, na anayehudumia aanze kwa wadogo kisha aende kwa wakubwa, asirudi nyuma, viatu vya kila banda vikae mlangoni pake. Kwa bei hizi, unaanza kuzidi 720,000 yako ukiwa na kuku kati ya 600 na 700 ambao mayai yao unayauza mwenyewe. Kutoka 200 hadi hapo ni kama miaka mitatu. Dada yako hatapenda jibu hili.

Kuchanganya chakula mwenyewe kunaweza kukupunguzia shilingi mia na kitu kwa kilo, nalo ni wazo la mwaka wa pili. Dagaa wa sokoni wana mchanga, mahindi yaliyovunda yana sumukuvu, na soya mbichi isipokaangwa inamzuia kuku kutumia protini. Mwaka wa kwanza nunua gunia lililoshonwa na uangalie tarehe.

Uliniandikia kuhusu uhuru. Bosi wako wa sasa anakuachia Jumapili. Kuku 200 wanataka maji saa kumi na mbili asubuhi siku ya Idi na siku ya Krismasi, na mayai yaokotwe mara tatu kwa siku, la sivyo wanaanza kuyadonoa na wakishaonja ni kazi kuwaachisha. Muda wako utakuwa wako pale tu mtu mwingine atakapoweza kuendesha banda siku kumi ukiwa Tanga kwenye msiba na wewe ukajua kilichotokea. Hilo linatengenezwa kwa daftari: kila siku chakula kilichoingia kwa kilo, mayai yaliyotoka, yaliyovunjika, waliokufa. Kuku 200 wakila kilo 24 na mayai yakashuka ghafla kutoka 160 hadi 130 bila kuku kuumwa, na maganda ni mazima, uliza maswali. Ama maji yaliisha mchana, ama trei moja imepita uani. Kazi hii ya daftari unaijua kuliko wafugaji wengi, miaka saba umelipwa kuifanya.

Tarehe ya kwenye barua iandike siku ambapo kuku watakuwa wamebakisha, kwa miezi sita mfululizo, ikiwemo Ramadhani na likizo za vyuo, kiasi kinachofika mshahara wako pamoja na bima ya matibabu utakayoanza kujilipia, na akiba ya chakula cha mwezi mmoja iko benki. Sheria ya ajira inataka anayelipwa kwa mwezi atoe taarifa ya siku 28. TIN (namba ya mlipakodi) omba TRA sasa hivi, haina malipo, na leseni ulizia halmashauri hapohapo utakapouliza kuhusu ufugaji.

Vifaranga wapange wafike mwanzoni mwa Juni. Ni miezi ya baridi na utatumia mkaa zaidi, lakini wiki ya 20 inaangukia katikati ya Oktoba, na vyuo vikifunguka, vibanda vya chipsi vitakukuta na mayai. Agiza 210, wale kumi ni wa kufidia watakaokufa. Utakapokwenda kuwachukua nenda alfajiri, angalia vitovu vimefunga na miguu haijakauka, na usikubali boksi lililolala kituoni tangu jana hata wakikupunguzia bei.